Nne na Nne, Kimya

Jumanne, 4 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi! Tumehamisha programu ya mashine za wodini kutoka lugha kongwe ya kompyuta kwenda mpya, na mwenzangu Chapchap — jina tulimpa kwa utani, limemkaa — kaona hesabu za darasa la pili zinatosha.

Kila tahadhari ina namba yake: taa 1, ujumbe 2, kengele 4, kimya 8. Lugha kongwe ilikuwa inaziunganisha. Ni kama swichi: ikishawashwa, ukiiwasha tena inabaki imewaka, basi. Yeye kaweka alama ya kujumlisha! Wodi ikiomba kengele kwa vitanda vyote, nesi naye akaiomba kwa kitanda kimoja, nne na nne ni nane. Kimya. Mgonjwa anazidiwa, taa inamulika tu.

Nimemwambia. Eti majaribio yote yamepita. Yamepita kwa sababu hakuna aliyeomba mara mbili, bwana wee!

Jumatano, 5 Machi

Bosi kanisikiliza huku anachezea simu. Programu imeshawekwa kwenye mashine za hospitali, marekebisho yasubiri Jumatatu, tusimtie mteja hofu. Nani, kauliza, atawasha kengele iliyokwisha kuwashwa? Kacheka. Chapchap naye kacheka. Haraka haraka haina baraka, lakini wao wanapongezana.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kalazwa. Kifua. Wodi ileile, mashine zilezile!

Nesi, dada mwema kabisa, kanituliza: kwa vile mama ni mtu mzima, kamwashia kengele ya ziada kwa mkono wake. Nusura nipige ukunga. Nimemweleza, kanitazama kama nimerukwa na akili. Kuizima haruhusiwi bila mkubwa wake, na mkubwa yuko kikaoni. Bosi hapokei simu. Chapchap kaandika: tulia kaka, mambo shwari. Shwari kwenu!

Mama kafumbua macho, kasema niende nikale, mwanawe nimekonda, mashine si ipo inamwangalia?

Inamwangalia! Nimevuta kiti mpaka kwenye mashine, nimeikodolea ile taa. Naandika bila kutazama karatasi, mistari inapandana, potelea mbali. Nikiacha kuandika nitamtukana mtu. Kengele ya mama sasa ni mimi.

Mkojo umenibana, na siondoki.