Nilimsomea Mjomba Ubongo Usio Wake

Mpendwa Shangazi Sauda, naomba msaada, ila kwanza ujue unaandikiwa na nani: hapa Nsemulwa hakuna kichwa kama changu, simu iliyotumbukia chooni naifufua huku natafuna muhogo, na wangenipa ubongo wa mtu na bisibisi ndogo ningeurudishia mtandao kabla ya chai ya saa nne. Anayenizidi ni mmoja tu, dada yangu Emelyne, anasomea ubongo chuo kikuu, na likizo hii alifikia kwa mjomba wetu Dieudonne kule Litapunga na karatasi yenye picha ya ubongo, vidoti na mishale, kila mshale na namba yake, mimi nikaona hiyo ni bodi ya simu tu.

Mjomba alipata kiharusi mwaka jana, na kila asubuhi dada anamfundisha maneno upya, alishafika "maji", "jembe", hadi jina la mkewe. Siku moja nimewatembelea, dada kaenda kuchota maji, mjomba akanionyesha karatasi kwa kidole, nisome. Mshale unaoingia sehemu ya kusema umeandikwa minus 0.4. Nikamwambia, "Mjomba, laini ya maneno imekata, hii hata mimi siigusi." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jioni mjomba kalala, dada akawaeleza majirani ile karatasi, na Shangazi, yule binti akieleza unatamani kurudi kidato cha pili nilikoishia. "Hizi siyo waya jamani, ni makisio: sehemu hii ikichangamka, ile inabadilika kiasi gani. Minus ni kwamba hii inaituliza ile, siyo kwamba imekufa. Na picha ni ya vijana arobaini wazima, tumewajumlisha, mgonjwa hayumo." Nilijivunia dada yangu huku jasho linanitoka.

Leo wiki mbili mjomba hajafungua mdomo, anageukia ukutani. Dada analia, anadhani kamfundisha vibaya, anafungasha arudi chuo. Aliyemnyamazisha mjomba ni mimi, na sijamwambia mtu.

Arcade, Nsemulwa

*

Arcade mwanangu, pole, lakini nyie mafundi mnanichosha! Mwenye shule yake anasema "makisio", wewe kwa namba moja umeshatoa hukumu. Namba ile haimjui mjomba wako. Hata ingekuwa yake, isingetosha kusema hatasema tena, maana "jembe" alishalisema. Na dada kama huyo, mwenye elimu kubwa hivyo na bado anataja mipaka yake mbele ya majirani, ndiye unamwacha alie kwa kosa lako?

Panda bodaboda leo. Mwambie Emelyne yote, usipunguze, na begi alifungue. Kisha ingieni wote kwa mjomba, wewe useme mwenyewe: "Mjomba, nilijifanya najua, ile karatasi siyo yako." Dada amweleze polepole. Kesho asubuhi uwepo kwenye mazoezi, na keshokutwa, simu za watu zisubiri.

Mjomba akikutukana, inamisha kichwa upokee lote, halafu mwombe arudie.