Kamera ya Babu Yako na Neno Nililolificha

Gisenyi, Rubavu
17 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Akaliza,

Pokea salamu za baba yako mkubwa, na za nyumba hii yote. U hali gani huko Liège? Baridi imeshaanza kuuma? Binti yangu Liliane ameniambia umebadilishiwa zamu kule kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi, na kwamba siku hizi unarudisha sahani ikiwa nusu. Kula, mwanangu. Msiba haupungui kwa mtu kukonda.

Sisi huku miili ni mizima. Mvua inanyesha kila alasiri, na viazi vya Mudende vinafika sokoni vikiwa tope zaidi ya viazi. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda kutoka ziwani. Shangazi yako Mukankusi bado anashona, na presha yake ilikuwa imetulia hadi jana. Kwa nini nasema hadi jana utaelewa ukiendelea kusoma.

Umeniuliza mara tatu sasa kuhusu kamera. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti, ulipotuma picha za zile tatu za zamani unazotaka kuchagua moja, upige filamu ya safari yako na baba yako, kutoka hapa kwa boti hadi Kibuye na Cyangugu. Mara ya pili ulikumbusha mwezi wa tisa. Mara ya tatu ni wiki iliyopita, baada ya mazishi, uliposema utakuja Desemba uifanye safari hiyo peke yako, na kwamba utaanzia Goma, kwenye nyumba ya babu yako, ambako moyo wa baba yako ulisimama.

Nitakujibu habari ya kamera. Lakini kwanza keti. Baba yako hakufa kwa moyo.

Mwanangu, nimeandika sentensi hiyo moja nikainuka, nikatembea hadi mlangoni na kurudi. Sasa nitakueleza yote kwa mpango wake, nisiruke kitu.

Siku zile picha zako zilipofika, baba yako alikuja dukani kwangu moja kwa moja kutoka kazini, na funguo za gari bado ziko mkononi. Tuliziangalia kwenye simu ya Liliane. Mdogo wangu Niyomugabo aliipenda ile ya kwanza, ndogo, yenye mpini unaokunjwa.

"Bon, tumuambie anunue hii. Si unaona vile inangaa?" akasema.

Nikacheka. Wajua mimi nilivyo nikiulizwa habari za kamera. Miaka hii yote natengeneza simu za watu, hakuna anayeniuliza kitu ninachokijua kwa mapenzi. Nikamwambia ile inayong'aa inapima mwanga kwa betri ndogo kama kifungo ambayo haitengenezwi tena, na mkanda wake wa ndani kwa umri huu umeshageuka ulimbo. Ya pili ina lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, lakini ni nzito, na mtu anayesafiri peke yake ataichoka kabla ya kufika Kibuye. Ya tatu ndiyo niliyoisifu, ile ya springi, unayoijaza kwa ufunguo kama saa ya mezani. Haihitaji betri hata moja. Ikikwama, fundi yeyote mwenye bisibisi na subira ataifungua.

Ningeishia hapo. Ila nikaongeza: "Lakini ile ya mzee inazipita zote tatu."

Baba yako akaniangalia. Alikuwa mdogo wakati babu yako alipokuwa akiendesha lori la Mgiriki mmoja mfanyabiashara na kupiga filamu barabara zote za kwenda Bukavu na Kampala. Mimi nilikuwa kwa bibi yangu Ujiji, nikaja kuiona kamera ile nikiwa kijana tayari. Wote wawili tulidhani tunaijua.

"Ile ya muzee iko wapi sasa?" akauliza.

"Iko Goma, ndani ya kave, kile chumba cha chini ya nyumba, kwenye sanduku la chuma."

"Na mashini yenyewe inatembea?"

"Ilikuwa inatembea nilipoiona mwisho."

Akapiga paja. "Basi asinunue kitu. Mi nitaenda kuichukua, we utaitengeneza. Mutoto akifika atakuta kamera ya babu yake. Usimuambie."

Hii ndiyo sehemu ngumu. Unajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini upande wa Goma. Haina rangi wala harufu. Ni nzito, inatulia mashimoni kama maji, na mtu akiingia ndani yake anaanguka kabla hajaelewa. Mwezi wa nne mwaka huu Anastase, jirani anayetutunzia nyumba ile tangu wapangaji walipokimbia vita, alinipigia simu. Alisema mbwa wake ameingia kwenye kave ya nyumba yetu akafia kwenye ngazi, na kuku wawili waliomfuata pia. Aliufunga mlango kwa kufuli. Akasema, "Waambie watu wako wote, mutu asishuke mule."

Nilikuwa nalijua jambo hilo, Akaliza, siku ile dukani. Sitaki kukwambia nilisahau. Lilinijia kichwani wakati baba yako amepiga paja lake. Nikawaza: ataenda mchana, upepo utakuwepo, mlango ukikaa wazi hewa itatoka. Nikawaza pia kwamba nikimwambia hataenda. Na mimi nilikuwa naitaka kamera ile. Nilitaka kuishika, niifungue, niwe tena yule fundi wa kamera niliyekuwa. Nikanyamaza.

Alikosa nafasi mwezi ule na uliofuata. Akaenda Jumanne, tarehe saba Oktoba. Alivuka mpaka pale barrière ndogo asubuhi na wale mama wanaobeba mboga. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha sana, na asubuhi hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Anastase hakuwepo nyumbani. Mkewe, Vestine, ndiye aliyempa ufunguo. Alijua habari ya mbwa, lakini akadhani mdogo wangu naye anajua, kwa kuwa mimi nilishaambiwa.

Vestine alikuwa anafua uani. Anasema alimwona baba yako akitoka kwenye kave na kitu kwenye mkoba wa ngozi, akakiweka juu ya ukuta mdogo karibu na mlango. Alikuwa anakohoa, ameshika kichwa, lakini anatabasamu. Akamwambia, "Mama, kichwa inazunguka, kave iko na joto. Lakini nimeipata."

"Pumzika basi, nikuletee maji."

"Ngoja nichukue makopo ya filamu. Mutoto atataka kuona safari za babu yake."

Akashuka tena. Vestine alisikia sanduku likiburutwa, kisha hakusikia kitu. Akaita, "Papa Akaliza! Papa Akaliza!" Mara ya tatu akakimbilia barabarani kutafuta watu. Walipokuja, mmoja akawasha karatasi na kuiteremsha kwa kijiti. Moto ulizimika kabla ya kufika ngazi ya tatu. Hakuna aliyeweza kushuka. Walimvuta kwa kamba na kulabu ya kisimani, na Anastase aliporudi alimkuta ndugu yangu amelazwa uani kwenye majani. Wanasema uso wake ulikuwa mtulivu. Nilimwona mwenyewe mchana ule, na ni kweli. Kama kuna faraja yoyote kwenye barua hii, ni hiyo tu.

Tulivuka naye kurudi jioni hiyo hiyo, baada ya karatasi nyingi. Mukankusi ndiye aliyeamua utakachoambiwa. Alisema, "Akijua alikufa juu ya mambo ya kamera, ule mutoto atapasuka kichwa. Tuseme ni moyo tu." Wote tukakubali. Mimi nilikubali haraka kuliko wote, na sasa unajua sababu.

Bado kuna moja. Siku ya mazishi, wakati watu wanatawanyika, Anastase alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kulala.

"Faradji, nilikuambia mambo ya ile kave. Ulimuambia?"

Nikamjibu, "Nilimwambia."

Akatikisa kichwa. "Donc, basi alikataa kusikia. Niyomugabo na kichwa yake ngumu."

Neno hilo lilitembea, mwanangu. Lilifika kwa madereva wenzake wa Rubona, likafika kanisani kwake. Kwa wiki tano watu wamekuwa wakisema ndugu yangu alijiua kwa ubishi, kwamba aliambiwa akapuuza. Mtu aliyekuwa akisimamisha gari kupisha bata! Nami nilikuwa nasikia, nashona midomo. Nilikuwa nimemnyima onyo akiwa hai, na sasa namnyima jina lake akiwa kaburini.

Ujumbe wako huo wa wiki iliyopita ndio ulionivunja. Uliposema utaanzia pale nyumbani, nikakuona umesimama kwenye ua ule na kamera jichoni, na jirani fulani anakunong'oneza kwamba baba yako alikuwa mbishi.

Ijumaa, baada ya sala, nilivuka kwenda kwa Anastase. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Alikwangua udongo kwenye kiatu chake. Kisha akasema, "Kumbe tunamusema vibaya bure. Mutu aliyekufa hawezi kujitetea, Faradji. Nenda uwaambie watu wako. Mi nitawaambia wa huku."

Jana, Jumapili, nilimngoja Mukankusi atoke kanisani, nikamwambia mbele ya mzee wa kanisa lao na madereva wawili waliokuwa wakifanya kazi na baba yako. Shangazi yako alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza swali moja: "Ulitaka kamera?" Nikasema ndiyo. Akafunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Leo asubuhi Liliane alimpelekea uji, akakuta presha imepanda. Uji aliupokea. Salamu zangu alizikataa.

Sasa kamera, maana niliahidi.

Ya babu yako ninayo. Anastase alinikabidhi wiki ya pili ya msiba, nami nikaifungia kabatini. Nimeifungua leo tu. Lenzi ina kuvu pembeni, nyuzi nyembamba kama za buibui, lakini katikati ni safi. Springi ni nzima. Nimeijaza na kuipima kwa saa: inakimbia kama nusu dakika bila kusita. Makopo mawili ya filamu waliyafikia kwa kulabu. Usiyatarajie. Yananuka siki na filamu imegandana, haifunguki bila kukatika. Safari za babu yako zimekwisha.

Kama hutaki kuigusa kamera hii, sitashangaa. Basi katika zile tatu nunua ya tatu. Lakini ujue ubaya wake, maana siku ile dukani niliusifu uzuri tu. Filamu yake ni adimu kuliko ya kaseti, na ikifika nusu lazima uifungue na kuigeuza kwa mkono, kivulini, bila haraka. Ukikosea, mwanga unaila. Mwambie muuzaji aikimbize usikie: sauti iwe moja toka mwanzo hadi mwisho, isiyochoka. Angalia ndani ya lenzi kwenye mwanga wa dirisha. Piga filamu moja ya majaribio huko huko, isafishwe, uione kwa macho yako, ndipo uje. Filamu zako zibebe mkononi na uwaombe pale uwanja wa ndege wasizipitishe kwenye mashine. Na pale Goma usishuke popote, hata kwa ngazi mbili, hata mtu akikuambia ni salama. Hata nikikuambia mimi.

Usijilaumu. Uliuliza swali ambalo mtoto yeyote angemuuliza baba yake mkubwa. Jibu lilikuwa langu, na kimya kilikuwa changu. Baba yako alikwenda kwa furaha. Alikuwa anaimba alipopita dukani asubuhi ile, nami nikampungia mkono.

Ukija Desemba, chumba chako kiko kwa Mukankusi, na nadhani ni vizuri ukae kwake. Ukitaka nije kukupokea Kigali, mwambie Liliane, nitakuja. Usipotaka, nitabaki dukani, wala sitauliza.

Liliane anakusalimu sana na anasema umpigie. Vestine na Anastase wanakupa pole, na Vestine anaomba umsamehe kwa ufunguo. Nimemwambia hana kosa, lakini angependa kusikia hivyo kutoka kwako. Madereva wa Rubona wamesema Jumamosi wataenda kaburini wote, na magari yao, wamwombe radhi.

Mungu akulinde, wa kanisani kwa baba yako na wa msikitini kwangu, ambaye ni mmoja. Akupe usingizi.

Ni mimi baba yako mkubwa, ninayekupenda na niliyekukosea,

Faradji