Filamu Ulizomtumia Mama

Malaba, Jumapili

Shemeji Okwara,

Pokea salamu zetu huko Mombasa. Mahindi yamepata mvua, na foleni ya malori ya mpakani bado inafika sokoni.

Asante sana kwa zile filamu. Unajua tangu tumzike ndugu yako Wanyama, mama yenu alikuwa haongei, anakaa tu akitazama ukuta. Tulianza na zile za vyombo vya angani, kisha za wafalme na majoka yanayotema moto. Nikasema za angani ni tamu zaidi, vita vyake ni moto. Mama akanigeukia.

"Truphena, hao wa angani hawajui kuhadithia," akasema. "Mtu anakufa leo, kesho amerudi anacheka. Hawa wa majoka, mtu wao akifa amekufa, na wanakaa chini wanamlilia."

Kisha akauliza polepole, "Mbona mimi sijamlilia Wanyama wangu?"

Tulimlilia pamoja, shemeji, hadi chai ikapoa. Leo amemaliza ugali wake, na kanisani amebishana na Mama Zilpa kuhusu majoka mpaka pasta akacheka. Mungu akubariki kwa kuturudishia mama.

Ni mimi shemeji yako,
Truphena