Mkuu wa Kaya

Runazi, 9 Juni 2024

Mwanangu Scola,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio haunipi raha. Wewe na wajukuu wangu mnaendeleaje huko Dodoma?

Wenzako wa mradi wa hati za mashamba wamefika, mzungu mmoja na binti mwenye kishikwambi. Nikamwita baba yako mdogo Maduhu aje kuwapokea, maana tangu baba yako afariki, wageni wakubwa siwapokei peke yangu. Yeye akakaa kwenye kigoda, mimi mkekani. Wakauliza: nani mkuu wa kaya? Nikasema ni shemeji huyu. Ningesemaje "ni mimi" naye amekaa pale? Nikatia sahihi kwenye karatasi yao.

Walipoondoka akacheka: "Shemeji, leo umenipa mji mzima!" Nikamjibu, "Chukua, na kupalilia mihogo uanze kesho."

Mama yako, Ng'washi

Dodoma, 17 Juni 2024

Mama, shikamoo. Watoto hawajambo. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naipa basi barua hii.

Mama, umeniua! Swali lile niliandika mimi, kwa Kiingereza, chini ya kiyoyozi, na nikapigiwa makofi. Jina ulilotaja ndilo linaloandikwa kwenye hati. Shamba umelilima miaka thelathini na mmoja. Maduhu hajachimba hata shimo la choo pale! Majina yatabandikwa ofisi ya kijiji. Nenda ukapinge. Heshima yako kwake isikuponze.

Mwanao, Scola

Runazi, 2 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimepona malaria, namshukuru Mungu. Ninyi je?

Nilikwenda, nikasimama mbele ya mkutano, nikasema shamba ni langu. Mwenyekiti akatoa karatasi, akasoma jibu langu kwa sauti. "Mama Scola, haya si maneno yako? Sahihi si yako?" Nikasema ni yangu. Maduhu akasema, "Shemeji, mbona unaniaibisha? Nimekufukuza?" Watu wakamhurumia yeye.

Hati imetoka. Hajanifukuza. Ila safari hii mihogo amevuna yeye.

Mama yako

Dodoma, 19 Agosti 2024

Mama, shikamoo. Pole na malaria. Sisi wazima wa mwili tu.

Nimemwendea bosi, Henrik. Ana miaka ishirini na minane. Mimi nina kumi na tisa ndani ya kazi hii. Akanisikiliza kwa upole ule unaotia kichefuchefu, kisha akasema: "Scola, huo ni utamaduni wenu. Sisi ni nani tuubomoe?" Utamaduni! Walipotaka sura ya mjane kwenye jalada la ripoti, utamaduni haukuwazuia. Mzungu anauheshimu utamaduni wetu pale tu unapomlinda mwanaume wetu, na wanaume wetu wanampenda kwa hilo. Nilimwambia hivyo hivyo mbele ya wafadhili. Wakaniambia nina hasira, niende likizo. Jana wamenipa barua ya kuachishwa kazi.

Mama, nami sina mikono safi. Kwa miaka yote hiyo nimewaandika wanawake kama wewe, na sikuwahi kukuuliza wewe.

Nijibu upesi.

Mwanao, Scola

Lusahunga, 11 Januari 2025

Mwanangu Scola,

Marahaba. Natumaini umepata kazi na watoto wanakula. Mimi nipo.

Barua yako ilichelewa kunifikia, kisha sikuwa na pa kuandikia. Maduhu aliuza shamba mwezi wa kumi. Alilia akiniambia, akasema mwanawe Methusela anaumwa figo, na hati ilikuwa na jina lake, angefanyaje? Sikumtukana. Sasa nauza chai kwa madereva wa malori hapa njia panda, kwenye kibanda cha mama mmoja aitwaye Leonsia. Usinitafutie wakili. Wa hapa amesoma ile sahihi yangu, akanirudishia karatasi.

Mnunuzi si mtu mbaya. Kaburi la baba yako hajaligusa. Amesema naweza kwenda kulifyeka, mradi niongozane na Maduhu, kwa sababu yeye hajui mimi ni nani kwenye shamba lile.

Nimekubali.

Mama yako