Pua ya Mama Sabina

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mzigo umefika. Katoni za mvinyo, aina kumi na moja! Bosi Bernado kazipanga stoo mwenyewe, taratibu, kama mtu anayelaza watoto. Tarehe ishirini na tisa tuna wageni ishirini kutoka Mwanza, chama cha wapenda mvinyo. Watalala hapa hotelini Musoma, Jumapili tunawapeleka Butiama, watembee, wale mchana huko huko, waonje. Kila chupa iwe na maelezo yake kwenye kadi. Kwa Kiswahili! Wageni wenyewe ndio wameomba, wamechoka kusoma vitu wasivyovielewa.

Nani ataandika? Jofrey. Kwa sababu Jofrey kasomea hoteli mwaka mzima na ana mwandiko mzuri. Nimekubali kwa sauti kubwa. Mvinyo nimeonja mara mbili tu maishani, na mara moja ni harusini kwa dada Wegesa, ilikuwa ya moto kama chai.

Jumatano, 4 Juni

Nimeshinda na lebo na simu. Jamani! Mvinyo una pua. Una mwili. Una miguu—ukizungusha glasi, yale matone yanayoteremka ndiyo miguu. Umebaki kuolewa tu.

Chupa ya kwanza: blakikaranti, mwerezi, tandiko la farasi. Nimezaliwa Butiama, nina miaka ishirini na nane, farasi nimemwona kwenye kalenda. Ya tano eti mawe yaliyolowa. Haya, mawe Musoma tunayo. Kwenye mapumziko nimeshuka ziwani, nikainama, nikanusa moja. Linanuka dagaa. Ya tisa wanaisifu kwenye mtandao kwamba ina harufu ya mkojo wa paka. Wanaisifu!

Nikaandika: "Mvinyo wenye mwili kamili, muundo imara na umaliziaji mrefu." Agness wa mapokezi kasoma, kaniuliza hiyo ni mvinyo au ripoti ya mkandarasi. Nimechana.

Alhamisi, 5 Juni

Leo kuna jambo. Niandike lote.

Bosi alifungua chupa nne wafanyakazi tuonje. Tukaonja, tukasema "nzuri", tukaishia hapo. Nikapeleka glasi kwa Mama Sabina aoshe. Huyu mama anaoshaga glasi zetu mwaka wa tisa sasa. Mjane, kwao Mugeta, Bunda huko. Msabato wa kweli kweli, pombe haijagusa mdomo wake tangu azaliwe.

Nikamkuta kainua glasi, kaiweka puani, kafumba macho. Nikasema mama, vipi, unataka kuonja? Akashtuka. Akasema hapana, yeye huwaga ananusa tu, ni tabia, anajuaga glasi zote zilibeba nini. Nikacheka. Akaniambia zipange nyuma yangu, changanya.

Nikachanganya glasi kumi na mbili. Akazitenga makundi manne. Hakukosea hata moja!

Nikamuuliza hii nyekundu nzito inanuka nini. Akajibu bila kufikiri: "Zizi asubuhi, mvua ilinyesha jana, ng'ombe wameshatoka, jua ndiyo linaanza kupiga. Si uchafu, Jofrey. Ni joto." Nikanusa. Mungu wangu. Zizi la baba yangu, lile lile!

Jumapili, 8 Juni

Nimemaliza zote kumi na moja pale kwenye sinki, bosi kanifungulia na zile saba zilizobaki. Yeye ananusa, mimi naandika kwenye daftari la oda. Nyeupe kali: pera bichi umeling'ata haraka kabla mwenye mti hajatokea. Ya mkojo wa paka—alicheka mpaka akakaa chini nilipomwambia. Akasema hapana, huyo aliyeandika ana paka wengi, hii ni majani ya nyanya ukiyapikicha mkononi. Na ni kweli! Ya nne alikaa nayo muda mrefu. Halafu taratibu: "Jikoni kwa bibi. Moto umezimika, zambarau ziko kwenye bakuli, na mtu katoka sasa hivi."

Mimi nimesomea. Nina cheti. Nilisimama pale kama mwanafunzi wa chekechea.

Jumanne, 10 Juni

Nimempelekea bosi karatasi. Kasoma la kwanza, kacheka. La nne, kavua miwani. Akasema Jofrey, miaka mitatu unabeba trei tu humu, kumbe una haya kichwani? Kanishika bega.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema "asante bosi."

Jumatatu, 16 Juni

Ofu yangu na ya Mama Sabina zimeangukia siku moja. Kanialika kwao Mugeta. Nadhani alitaka nione. Mama yake bado yupo, mzee sana, anaona kwa shida, anakaa na kaka mtu, Mzee Ngusa. Tulikuta vibuyu vya maziwa ukutani, sita.

Ngusa akasema wewe Sabina, mjini hawajakuharibu pua? Akamfunga macho kwa kanga, mzaha tu. Mama Sabina akafungua kibuyu kimoja kimoja. Hiki kimefukizwa kwa mti wa mgunga. Hiki mgunga lakini kuni zilikuwa mbichi. Hiki maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Cha mwisho akasema: hiki kilioshwa na mtu mwingine, si mama. Ngusa akapiga makofi—kweli, jana mama aliumwa mgongo, mke wake ndiye aliyeosha!

Yule bibi akaniambia kwamba Sabina alipokuwa mdogo alikuwaga anatumwa nyumba zote kunusa kama maziwa yameganda vya kutosha. Walimwita hata vijiji vya mbali, watu wazima wanasubiri mtoto aseme. Halafu akaolewa, akaja mjini, ikaisha.

Tukirudi tulishuka Bunda mjini. Nikamnunulia soda. Sijui kwa nini soda. Nilitakiwa kumpa kitu kingine.

Alhamisi, 19 Juni

Kadi zimetoka kuchapwa. Karatasi nzito, nzuri, maelezo yote kumi na moja kwenye kadi moja. Chini kabisa, kwa herufi za kulala: *Maelezo ya ladha: Jofrey Werema.*

Sikujua bosi ataweka jina. (Uongo. Aliniuliza linaandikwaje, nikamtajia herufi.)

Nikampelekea Mama Sabina moja mimi mwenyewe, kuliko aikute mezani. Akakausha mikono. Akasoma pole pole, juu hadi chini. Nikaanza kujieleza. Akanikatiza: afadhali jina lake halipo, jina la Msabato kwenye kadi ya pombe, wazee wa kanisa wangemwita. Nikapumua. Halafu akasema: "Lakini la saba umekosea. Umeandika asali. Mimi nilisema asali ya nyuki wadogo. Ile ina uchachu ndani. Ya kawaida inasema mara moja inanyamaza."

Nikamwambia nitarekebisha. Akauliza kama anaweza kubaki na moja. Akaikunja mara mbili, akaiingiza katikati ya kijitabu chake cha lesoni ya Sabato.

Hiyo lesoni anaibeba kila mahali.

Jumatano, 25 Juni

Bosi kaniita ofisini. Kuna mafunzo ya mvinyo Dodoma, miezi mitatu, nafasi moja ya hoteli yetu. Ni yangu. Nikirudi, mimi ndiye mkuu wa mvinyo, suti na kila kitu.

Nimempigia dada Wegesa. Kapiga vigelegele kwenye simu. Nikamweleza na mengine. Akasema basi ichukue tu, huyo mama hanywi, ataifanyia nini? Dada yangu ana akili. Lakini nimekata simu nikiwa mnyonge kuliko nilivyoanza.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemwambia Mama Sabina habari za Dodoma. Nilitaka anikasirikie, nadhani. Hakukasirika. Akaendelea kupanga glasi. Baadaye sana, mgongo kanigeuzia:

"Huko Dodoma wananusa tu, au lazima wameze?"

Nikamwambia nilivyosoma. Wanaonja, halafu wanatema kwenye ndoo. Wataalamu wote wanatemaga.

"Wanatema?"

"Wanatema, mama."

Akageuka. Sijawahi kuona uso wake hivyo. "Miezi mitatu," akasema. Si kwangu. Kisha akakumbuka kwamba maji yanamwagika, akafunga bomba.

Jumamosi, 28 Juni

Yeye yuko kanisani. Wageni wameingia. Nimeenda ofisini kwa bosi mara mbili. Mara ya kwanza ana simu. Mara ya pili hana simu, nikamuuliza kuhusu vitambaa vya meza.

Jumapili, 29 Juni. Butiama

Naandika nyuma ya kadi, nimeegemea gari la vyombo. Haraka.

Chakula kimeenda vizuri mno. Turubai, upepo, sato wa kubanika. Kiongozi wao anaitwa Mama Judith, mwanamke mkubwa mwenye sauti. Akaanza kusoma kadi kwa wenzake, wanacheka, pera bichi, majani ya nyanya! Alipofika la nne sauti ikakatika. Akanusa glasi. Akasoma tena, kimya kimya. Akasema bibi yake alikufa mwaka jana, na hajui mtu huyu aliingiaje jikoni mwake.

Kisha: "Yuko wapi Jofrey Werema?"

Bosi kanisukuma mbele. Makofi. Mama Judith katoa chupa yake mwenyewe, imefungwa gazeti, lebo haionekani. Kamimina. Anataka niiseme hapo hapo, wote wasikie.

Nikanusa. Mvinyo. Inanuka mvinyo!

Nikaomba dakika tano, nikaondoka na glasi. Wamedhani ni utaalamu.

Mama Sabina yuko hapa kwenye mabeseni. Nikampa, nikamwambia yote, mpaka herufi za jina nilizotaja. Kanitazama. Akainusa. Akainusa tena. Akatabasamu kwa namna ya mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Akaniambia ni nini—sentensi moja, sitaiandika, si yangu. Akasema haya, nenda kaseme, wanangoja.

Nikasema siendi peke yangu.

Akasema wapo watu wa kanisa lake hapa Butiama, wawili wako pale wanauza ndizi, watamwona kashika glasi. Nikasema najua. Akasema na bosi atakunyang'anya Dodoma. Nikasema najua.

Sasa anafungua aproni. Anaikunja. Anainua ile glasi, anaitazama kwenye jua, anaishika chini kwenye mguu kama ninavyoshikaga mimi—hapana, vizuri kuliko mimi.

Bosi anaita. "Jofrey! Vipi huko?"

Nimemjibu: "Tunakuja—"