Shemeji, Kamba Zile Nilizikunja Upya Mimi

Mpendwa Shemeji Asegelile,

Najua barua hii huisomi wewe. Anaisoma Dada, amekaa kwenye kigoda karibu na moto, na wewe umeegemea ukuta na kufumba macho kama mtu aliyelala, kumbe unasikia kila neno. Basi nakuamkia kwanza wewe, ugonile, na Dada naye, kamwene. Huku shambani juu ya Nyololo, mlikotuacha mlipohamia Rungwe, ukungu hauondoki mpaka saa nne, majani yameanza kukatwa, na mimi ni mzima. Dada, nakuomba usome mpaka mwisho bila kuruka. Kuna mahali utataka kuikunja barua. Usiikunje.

Shemeji, ile kazi uliyoomba kwenye shamba la ngano karibu na Mbeya, ya kuangalia mashine yao ya kufunga majani, nusura uikose kwa sababu yangu. Wenye shamba walituandikia kuuliza wewe ni fundi wa namna gani. Ili kuwajibu, ilibidi lifunguliwe daftari la mashine. Ndani ya daftari hilo kuna mstari nilioandika kwa mkono wangu, nao ni uongo juu yako. Nataka nikueleze jinsi mstari huo ulivyoingia humo na nilivyoutoa, maana nusu ya habari hii unaijua na nusu huijui, na Dada haijui kabisa.

Unakumbuka siku mashine ilipoletwa, miaka mitatu iliyopita? Ilishushwa kwenye lori ikiwa na kutu mpaka kwenye magurudumu, mikanda miwili imekatika, na meno yake ya kuokotea majani yamebaki ya kuhesabu. Lukasi, dereva wetu wa trekta, aliizunguka mara mbili, akavua kofia kama aliyefika msibani.

"Jamani," akasema, "hiki kibogoyo kitatafuna nini?"

Jina likabaki hapo hapo. Meneja alikuwa ameinunua kwa mzungu mwenzake aliyekuwa anahama, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona majani yakifungwa robota la mviringo. Sisi tulijua uma na lundo tu, na mvua ya kupotea njia ikinyesha, lundo linaoza na ng'ombe wanakonda mpaka Novemba.

Wewe hukucheka. Ulilala chini ya Kibogoyo, tukawa tunaona buti zako tu, na ulipotoka ulikuwa na manyoya ya kiota cha panya kwenye nywele. Ukasema, "Huyu mama ni mgonjwa, lakini hajafa." Wiki mbili ukamtengenezea meno mapya kwa springi za kiti cha lori bovu, ukayapinda moja moja kwenye moto. Mikanda ukaishona kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, na Dada akalalamika kwamba nyumba yake inanuka kama bucha. Mchana nilikuwa napita kuangalia, nimevaa koti langu la ofisini, kalamu mfukoni, nikisimama mbali.

"Sogea, karani, haumi!" ukaniita. "Majani yanaingia hapa. Mikanda inayaviringisha kama mkeka. Robota likishanenepa, kamba inaingia hapa, inalizunguka, halafu mama anatapika kwa nyuma. Basi. Hata wewe na woga wako ungemwendesha."

Nilicheka, lakini sikusogea.

Sasa nafika kwenye kamba. Dada, shika barua vizuri.

Kamba za katani zililetwa madonge manane, mapya, yakawekwa stoo, mikononi mwangu. Nilipofungua magunia, moyo ulishtuka. Kwa nje kila donge lilikuwa laini, halina ncha, na ncha ilikuwa inaning'inia kutoka tumboni, kama utumbo. Nikaamini nimepokea mali iliyoharibika, imeanza kufumuka kwa ndani. Nikamwona Meneja akiniuliza kwa nini nilitia sahihi. Basi Jumamosi, wenzangu walipoondoka, nilifunga mlango wa stoo, nikazivuta kamba zote kutoka ndani, nikazikunja upya kwa nje, kwa kukaza, kama mama yetu alivyokuwa anakunja sufu yake ya kufumia sweta. Jumapili sikwenda kanisani. Nilisema nina mafua, na Dada akaniletea uji wa tangawizi, nikaunywa mlangoni nikiwa nimeficha mikono iliyochunika. Kufika jioni nilikuwa na madonge manane ya duara kabisa, ncha nje, yamepangwa kwenye rafu. Sijawahi kuiangalia kazi ya mikono yangu kwa furaha namna ile.

Jumatatu mkaanza kazi. Nami nilikuja kutazama, nikitegemea kusifiwa. Majani yakaingia vizuri, meno yako yakaokota vizuri, mikanda ikaviringisha, robota likanenepa. Kamba ikaingia. Ikazunguka mara mbili, halafu donge likaanza kurukaruka ndani ya sanduku lake kama kuku aliyetiwa kapuni, kamba ikajisokota kama mkia wa nguruwe, ikakwama kwenye bomba, ikakatika. Robota likatoka nyuma na kumwagika lote. Mkajaribu tena, likamwagika tena.

"Amekula, lakini tumbo halishiki," akasema Lukasi.

Ulidhani ni kisu kinachokata kamba. Ukakinoa. Ukadhani ni bomba lina kutu ndani, ukalitoa, ukalisugua mpaka likang'aa. Wewe hukuwahi kuona donge jipya likitoka guniani, uliona tu lile nililokuletea mimi, limependeza, ncha nje, ungelishukuje? Jumanne mchana nikaingia ofisini kutafuta kitabu cha mashine, kwa nia njema, nikusaidie, maana kimeandikwa Kiingereza. Nikakuta picha. Donge limetulia katika sanduku lake, na kamba inatoka katikati, kitovuni, yenyewe, bila donge kutikisika. Chini pameandikwa kwamba kamba ivutwe kutoka ndani, na donge lisikunjwe upya kamwe.

Nilikifunga kitabu, nikakirudisha kabatini, nikakisukuma nyuma ya vingine.

Jumanne hiyo, Jumatano na Alhamisi nilinyamaza. Nilikuwa naogopa, Shemeji, na sina neno zuri zaidi ya hilo. Ulifungua mashine nzima mara tatu. Jioni nilikula kwenu kama kawaida, na Dada akawa anakutania mbele yangu. "Huyu bwana mashine imemshinda. Kesho nitamletea jembe, labda litamtii." Wewe ukacheka, ukamwambia kwamba hata yeye alikuchukua miaka kumtengeneza na bado hajanyooka. Mimi nikaomba nyongeza ya mboga.

Alhamisi mawingu yakajikusanya upande wa Iringa. Meneja akaja ofisini na matope yake, akaniamuru nitoe daftari. "Andika. Mashine nasimama siku nne. Sababu, fundi mzembe. Jumamosi kama bado, yeye kwenda." Nikaandika. Dada, niliandika mimi, kwa mwandiko mzuri, na nikakausha wino kwa karatasi yake.

Ijumaa asubuhi niliwahi ofisini kabla ya wengine. Nikakuandikia maelezo, kwa sababu kusema kulinishinda, nikayaleta mpaka chini ya Kibogoyo na kukunyooshea. Ukatoa kichwa.

"Nini hii?"

"Barua, Shemeji."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka ofisini. Kutoka kwangu."

"Wewe si umesimama hapa? Mikono yangu ina grisi. Na huo mwandiko wako wa kulala lala unanishinda. Nisomee."

Basi nikasoma. Nilianza, "Kwa heshima na taadhima napenda kukujulisha," kwa sauti ndogo mpaka Lukasi akazima trekta ili asikie. Nilipofika kwenye sufu ya mama, ulikuwa umeshakaa. Nilipofika kwenye picha ya kitabuni na siku niliyoiona, uliniangalia kwa muda mrefu, na hapo hukucheka. Hiyo ndiyo adhabu pekee uliyonipa, na bado naikumbuka. Halafu ukafuta mikono.

"Siku nne nasugua bomba, kumbe shemeji yangu amefuma sweta!"

Lukasi alianguka kwenye majani. Hata mimi, machozi yakinitoka, nilicheka. Tukakaa watatu, tukalifungua donge moja, tukalikunja tena polepole kwenye kipande cha mti, ncha ya ndani tukaiacha nje, kisha tukauchomoa mti. Ukaliweka sandukuni. Lukasi akawasha. Kamba ikatoka kimya kimya kama mtu anayenyata, ikazunguka robota kutoka upande huu mpaka huu, kisu kikakata, na Kibogoyo akatapika robota zima, limefungwa, zuri, la mviringo. Wakataji wote wakapiga vigelegele. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwa na robota la mviringo, hakuna aliyekumbuka kwamba tuko mlimani. Likaanza kuviringika. Ulilikimbilia, Lukasi akalikimbilia, nami na koti langu nikalikimbilia, na likatupita wote, likaingia kwenye kabichi za Meneja.

Kabichi sita. Nilizihesabu kwa woga.

Baadaye, kwa kuwa trekta lazima lisimame kamba inapozunguka robota, Lukasi akawa halisimamishi mapema, akisema kelele za mashine zinamzuia kujua kama imeanza. Ukafikiri kidogo, ukaigeukia baiskeli yangu. "Faini yako hiyo," ukasema. Ukaing'oa kengele, ukaifunga pale kamba inapopita, ikawa kamba ikianza kutembea kengele inalia, Lukasi anasimama. Hakuna mashine nyingine iliyowahi kutengenezewa kitu kama hicho, nina hakika. Wageni walikuja kutoka mashamba ya mbali kusikiliza.

Nilitaka kwenda kwa Meneja siku ile. Ulinishika begani. "Kaa kimya. Wewe ukifukuzwa, mama yenu atasaidiwa na nani? Mimi fundi, kutukanwa ni sehemu ya kazi." Nami nikafurahi mno, Shemeji, nikafurahi upesi mno. Meneja alipoona marobota yamejaa ghalani kabla ya mvua, alisahau. Daftari halikusahau. Na Dada kila tunapokutana sikukuu huwasimulia watu jinsi mumewe alivyoshindwa na kamba siku nne, nawe unacheka pamoja nao, na unanisogezea nyama. Nyama ile huwa haishuki.

Sasa ya wiki hii. Jumatatu Meneja aliniambia, "Toa daftari, andika habari ya Asegelile, peleka Mbeya." Nikaufungua ukurasa ule. Mwandiko wangu, mzuri kabisa. Nilifikiri nitauruka mstari huo tu, hakuna atakayejua. Nikakaa nao Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi asubuhi nikagundua kwamba nilikuwa nahesabu siku zile zile. Nikabeba daftari, nikaingia kwake kabla sijapata nafasi ya kuandika maelezo.

Nilisema yote, nimesimama. Alinisikiliza akiwa ameshika kiko bila kukiwasha.

"Miaka mitatu wewe nyamaza?"

"Ndiyo, Bwana."

"Kwa nini nasema sasa?"

Nikamwambia, "Kwa sababu kazi ni yake, Bwana, na uongo ni wangu."

Alikiweka kiko mezani. Kisha akauliza kama na zile kabichi zilikuwa kazi yangu, nikasema hapana, Bwana, zile zilikuwa za robota. Midomo yake ilitikisika chini ya masharubu. Sijui kama alicheka. Akaamuru nifute mstari ule kwa wino mwekundu, niandike juu yake, "Sababu: kosa la karani," na nitie jina langu kamili. Nikaibonyeza kalamu mno, likadondoka doa kubwa, nalo limebaki. Akaamuru pia kwamba msimu huu wote, mchana nikitoka ofisini, nitembee nyuma ya Kibogoyo na kuangalia kamba. Lukasi amefurahi kuliko siku ya harusi yake. Jana nilichunwa na majani shingoni na kupigiwa kelele, "Karani, robota hilo, lizuie, usiliandikie barua!" Naogopa ile mikanda, lakini nimesogea.

Shemeji, ndani ya bahasha hii kuna cheti chako, kimetiwa sahihi na Meneja. Kinasema kwamba uliipokea mashine iliyokuwa chuma cha kutupwa, ukaifanya ifunge majani misimu yote miwili uliyokaa hapa bila kukosa, na kwamba hakuna siku hata moja ambayo ilisimama kwa kosa lako. Maneno hayo ya mwisho Meneja hakunisomea niyaandike. Nilimwomba, naye akakubali.

Mbeya walisema kwamba cheti kikiwa safi uende nacho mwenyewe, na wanakungojea Jumatatu ya wiki ya pili kutoka leo. Kutoka Rungwe kuna lori la kahawa linaloondoka Jumamosi, panda hilo. Vaa koti, asubuhi kule ni baridi. Na wakikuuliza kuhusu zile siku nne, usinifiche tena. Taja jina langu.

Dada, nimemaliza. Mtazame mumeo sasa, halafu kesho, mbele ya majirani, isimulie upya hadithi ya kamba.

Mimi ninayewakumbuka wote wawili,
shemeji yako, karani.