Muguu wa Njiani

Mujukuu wangu Salima,

Huku mujini Baraka tuko wazima. Mama yako mudogo amejifungua mutoto mwanamuke, analia kama pikipiki.

Unaniuliza namna tulikata viatu vya mupira ya gari. Wewe unavitaka vya kukimbilia. Mimi, miaka michache kabla ya uhuru, nilivitaka vya kupanda milima ya Fizi na kitunga cha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kichwani. Nikakaa kwenye kiti, nikachora muguu wangu kwa kipande cha makaa, nikakata. Nyumbani vilinikaa vizuri kabisa. Mulimani vidole vikatoka inje, vikagonga mawe.

Kesho yake shangazi yangu akanitwika kitunga kimejaa.

"Simama hivyo."

Akachora upya. Nilipokitua, nikaona alama mpya imeipita ile ya zamani upana wa kidole.

"Shangazi, huu muguu ni wa nani?"

"Ni wako. Wa njiani."

Basi usichore ukiwa umekaa. Simama, beba vyenye unabeba kila siku, halafu chora, na karatasi hiyo unitumie. Kwa simu unanijibu kila mara kwamba uko sawa. Sasa nataka kuuliza muguu.

Bibi yako, huku Baraka